Kompresa ya upepo ya gari

Kompresa ya upepo ya gari (pia: kompresa ya hewa, pampu ya upepo) ni mashine inayofungwa kwenye gari ili kuvuta hewa ya kawaida, kuibana na kuisukuma ndani ya tairi, mtungi wa upepo au mfumo wa breki. Katika malori makubwa ni sehemu ya lazima, kwa sababu breki zake hufanya kazi kwa upepo. Katika pikapu na magari mengine madogo ni kifaa cha kuongeza, ambacho mwenye gari hukichagua mwenyewe na kukifunga kwa msaada wa fundi.

Makala hii inaeleza namna ya kuichagua, kwa mifano ya Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam nchini Tanzania. Katika eneo hilo dereva anaweza kukutana na lami, mchanga, udongo mweusi na hewa ya chumvi katika safari moja. Makala haihusu kompresa ya kiyoyozi, ambayo hubana gesi ya kupoza.

Kosa la kawaida katika kuchagua ni kutazama namba kubwa ya shinikizo iliyoandikwa kwenye boksi. Mambo yenye uzito zaidi ni mawili: kiasi cha upepo ambacho kompresa hutoa kwa dakika wakati tairi tayari lina shinikizo, na muda ambao inaweza kufanya kazi kabla ya kulazimika kupumzika. Kwa pwani huongezeka jambo la tatu, nalo ni uwezo wake wa kustahimili chumvi na unyevu.

== Sababu za kubeba kompresa ==

Barabara kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo kupitia Bunju, Mapinga na Kerege ni ya lami. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, inayopita Makurunge na Kiwangwa, ina kilomita 64 nayo ni ya lami. Kwenye njia hizo mafundi pancha wapo katika vituo vingi vya kando ya barabara, na dereva anaweza kuishi miaka mingi bila kompresa yake mwenyewe.

Hali hubadilika gari linapoacha lami na kuingia mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, mashamba ya chumvi ya pwani, au njia za kuelekea Mto Wami, Saadani na Mkwaja. Huko njia ni za mchanga na udongo, na fundi aliye karibu anaweza kuwa mbali.

=== Mchanga ===

Tairi lililojaa upepo hukata mchanga kama kisu. Upepo ukipunguzwa, tairi hulala, eneo linalogusa ardhi huongezeka na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwa kukadiria, pikapu yenye uzito wa kilo 2,400 huweka kilo 600 kwenye kila tairi. Kwa shinikizo la paundi 32 kwa inchi ya mraba (psi 32, yaani bari 2.2) tairi hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 270 hivi, pungufu kidogo ya nusu ya karatasi ya A4. Kwa psi 16 eneo hilo huwa karibu mara mbili.

Ndiyo maana madereva wengi hushusha matairi ya pikapu hadi psi 20 kwanza, na kama mchanga ni mzito hadi 16. Chini ya psi 12 tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka kwenye rimu gari linapokata kona.

=== Kurudi kwenye lami ===

Hatari kubwa huanza mchanga unapokwisha. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye mchanga joto hilo ni dogo. Kwa mwendo wa kilomita 80 au zaidi kwenye lami yenye jua la mchana, tabaka za ndani za tairi huweza kuachana na tairi kupasuka. Pikapu iliyojaza abiria au mzigo inaweza kupinduka tairi la mbele au la nyuma likipasuka ghafla.

Kwa hiyo upepo uliotolewa unapaswa kurudishwa kabla gari halijaanza kukimbia kwenye lami. Dereva asiye na njia ya kuurudisha ana machaguo mawili tu: kwenda polepole sana hadi kwa fundi pancha wa kwanza, au kutoupunguza tangu mwanzo na kukubali hatari ya kukwama.

=== Bahari na udongo mweusi ===

Ufukweni kuna sababu nyingine ya haraka. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni muda wa saa sita na dakika chache, na wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Gari lililokwama kwenye mchanga uliolowa chini ya alama ya maji kujaa lina saa chache tu kabla ya kufikiwa na bahari. Kupunguza upepo mapema ni njia ya kwanza ya kulitoa. Ufukwe wenyewe haupaswi kugeuzwa barabara: kasa hutaga mayai kwenye mchanga wa juu, kwa mfano katika ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na magari huponda viota. Ndani ya hifadhi, magari hutakiwa kufuata njia zilizowekwa.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika mabonde ya eneo hili, ni jambo tofauti. Wakati wa masika hunata na kujaza meno ya tairi, na kupunguza upepo husaidia kidogo tu. Hakuna kompresa inayoweza kufanya njia ya namna hiyo ipitike, na mara nyingi ni heri kusubiri ikauke.

== Aina ==

Kompresa za magari zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

* Kompresa ndogo ya kubeba. Huchomekwa kwenye tundu la kiwashia sigara. Ni ya bei nafuu, lakini hutoa upepo kidogo kwa sababu fyuzi ya tundu hilo mara nyingi ni ya ampea 10 hadi 15 tu.
* Kompresa ya umeme inayounganishwa na betri. Ina mota yenye nguvu na silinda moja au mbili. Huweza kuwa ya kubeba kwenye begi au ya kufungwa moja kwa moja chini ya boneti, chini ya kiti au kwenye bodi.
* Kompresa inayoendeshwa na injini kwa mkanda. Katika magari madogo baadhi ya mafundi hubadilisha kompresa ya kiyoyozi kuwa ya upepo. Hutoa upepo mwingi na haichoki haraka, lakini inahitaji mpango mzuri wa kuilainisha kwa mafuta, na kama ni ile iliyokuwa ikitumika, gari hupoteza kiyoyozi.
* Kompresa ya lori lenye breki za upepo. Huendeshwa na gia au mkanda wa injini na hufanya kazi wakati wote injini inapowaka.

Pampu ya mkono na ya mguu bado zina nafasi yake. Kwa gari dogo lenye pancha moja zinatosha, nazo hazitegemei betri.

== Kiasi cha upepo ==

=== Hesabu ya pikapu ===

Tairi la kawaida la pikapu, la kipimo cha 265/70 R16, lina nafasi ya ndani ya lita 75 hivi. Kulipandisha kutoka psi 16 hadi 32 ni kuongeza bari 1.1, yaani kusukuma ndani yake lita 83 za hewa ya kawaida. Kwa matairi manne ni lita 330 hivi. Muda unaohitajika hutegemea kiasi kinachotolewa kwa dakika:

* lita 20 kwa dakika: dakika 16 na nusu
* lita 35 kwa dakika: dakika 9 na nusu
* lita 70 kwa dakika: chini ya dakika 5
* lita 150 kwa dakika: dakika 2 na ziada kidogo

Muda wa kuhamisha mpira kutoka tairi moja hadi jingine haumo katika hesabu hii.

Kiasi kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa mpira ukiwa wazi, bila shinikizo lolote mbele yake. Shinikizo la tairi linapopanda, kiasi hicho hushuka, na katika kompresa dhaifu hushuka sana. Mnunuzi anapaswa kutafuta katika maelezo ya mtengenezaji kiasi kinachotolewa kwa psi 30 kwa pikapu, au psi 100 kwa lori.

Kama maelezo hayo hayapo, kipimo kinaweza kufanywa kwa saa ya simu. Tairi la kipimo kilichotajwa hushushwa hadi psi 16, kisha hujazwa hadi 32 huku muda ukihesabiwa. Lita 83 zikigawanywa kwa idadi ya dakika hutoa kiasi halisi. Kompresa iliyotumia dakika 2 hutoa lita 41 hivi kwa dakika, hata kama boksi linasema 70.

=== Hesabu ya lori ===

Tairi la lori la kipimo cha 11R22.5 lina nafasi ya lita 145 hivi, na hujazwa hadi bari 8 kwa mzigo mkubwa. Kulijaza kutoka mwanzo kunahitaji hewa ya lita 1,160 kwa tairi moja tu, zaidi ya mara tatu ya matairi yote manne ya pikapu katika mfano uliotangulia. Kompresa ya lita 35 kwa dakika ingehitaji zaidi ya nusu saa bila kupumzika, jambo ambalo nyingi haziwezi. Kwa sababu hii kompresa ya pikapu haipaswi kununuliwa kwa matumaini ya kuhudumia lori.

=== Shinikizo la juu kabisa ===

Namba ya shinikizo la juu, kama psi 150 au 300, huonyesha tu mahali ambapo kompresa hushindwa kusukuma zaidi. Matairi mengi ya pikapu hayahitaji zaidi ya psi 50. Kompresa yenye uwezo wa psi 100 inatosha kabisa kwa gari hilo, na psi 150 kwa lori. Namba kubwa zaidi ya hapo haiongezi kasi ya kujaza.

== Muda wa kazi na joto ==

Hewa ikibanwa hupata joto, na mota nayo hutoa joto lake. Watengenezaji hueleza uwezo wa kompresa kuvumilia joto hilo kwa asilimia ya muda wa kazi. Asilimia 33 ina maana kwamba baada ya kufanya kazi dakika 10 inahitaji kupumzika dakika 20. Asilimia 100 ina maana kwamba inaweza kuendelea bila kusimama, katika mazingira yale yaliyotumika kupima.

Mazingira hayo mara nyingi ni baridi kuliko pwani ya Tanzania. Kompresa iliyopimwa katika nyuzijoto 22 inapofanya kazi Bagamoyo kwenye nyuzi 32, chini ya boneti ya injini iliyotoka safari, itachoka mapema zaidi. Mnunuzi wa pwani anashauriwa kuchukua kompresa ambayo kazi yake ya kawaida haizidi nusu ya muda inaoruhusiwa. Kompresa nzuri huwa na swichi ya joto inayoizima kabla haijaungua, na hujiwasha tena ikipoa.

Dalili za kompresa kuzidiwa ni harufu ya rangi ya waya kuungua, mlio kubadilika na mpira wa upepo kuwa wa moto kiasi cha kutoshikika karibu na silinda. Ikionyesha dalili hizo inapaswa kuzimwa mara moja.

== Umeme ==

Jambo la kwanza ni volti. Pikapu nyingi hutumia volti 12, na malori mengi hutumia 24. Kompresa ya volti 12 ikiunganishwa na mfumo wa volti 24 huungua. Katika lori lenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa pamoja, baadhi ya watu huchukua umeme kwenye betri moja tu. Njia hiyo huzifanya betri zichakae kwa viwango tofauti na hufupisha maisha ya zote mbili.

Jambo la pili ni ampea. Kompresa ya silinda moja inayofaa kwa pikapu huweza kutumia ampea 20 hadi 30, na ya silinda mbili 50 au zaidi. Kwa volti 12, ampea 30 ni wati 360. Mzigo huo hauwezi kupita kwenye tundu la kiwashia sigara. Unahitaji waya wa moja kwa moja kutoka betri, rilei, na fyuzi iliyowekwa karibu na betri, si karibu na kompresa. Waya ukisuguliwa na kugusa bodi kabla ya fyuzi, hakuna kitakachozuia moto.

Unene wa waya nao huamua nguvu ya kompresa. Kompresa ya ampea 30 iliyo mita 3 kutoka betri, ikitumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kwenda na kurudi, hupoteza volti 1.2 hivi njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 6 hupoteza nusu volti tu. Volti inayopotea hugeuka joto ndani ya waya, na mota huzunguka polepole.

Injini inapaswa kuwaka muda wote wa kujaza ili altaneta ichangie umeme. Gari lililomaliza betri likijaza matairi porini huwa limebadilisha tatizo moja kwa jingine.

== Chumvi, mchanga na unyevu ==

=== Chumvi ===

Hewa ya karibu na bahari hubeba chembe za chumvi, na njia za mashamba ya chumvi hurusha maji ya chumvi chini ya gari. Chumvi hula kwanza viungo vya umeme, kisha boliti na mabano ya chuma, na mwisho fremu ya mota. Kompresa ya pwani inapaswa kuwa na boliti za chuma kisichoshika kutu, mota iliyofungwa vizuri na viungo vya umeme vyenye mpira wa kuzuia maji. Viungo hivyo vikipakwa grisi hudumu zaidi. Baada ya safari ya ufukweni, gari huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa upande wa chini, bila kuelekeza maji ya presha kwenye kompresa.

=== Mchanga ===

Mchanga laini ukiingia kwenye silinda hukwaruza kuta zake na kuharibu mpira wa pistoni. Chujio la hewa linapaswa kuwa la aina inayoweza kufunguliwa na kusafishwa au kubadilishwa. Kompresa nyingi zinaruhusu chujio kutengwa na mashine kwa mpira mfupi, na kuwekwa mahali pa juu pakavu. Kompresa ya kubeba isiwekwe juu ya mchanga inapofanya kazi. Kipande cha ubao au turubai kinatosha kuitenga.

=== Maji ndani ya upepo ===

Hewa ya pwani ina mvuke mwingi. Katika nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa, yaani lita 1,000, hubeba gramu 24 hivi za maji. Hewa hiyo ikibanwa hadi bari 8 na kupoa, haiwezi tena kushika zaidi ya gramu 3 au 4. Gramu 20 hivi zinazobaki hugeuka matone: vijiko vinne vya chai kwa kila lita 1,000 za hewa iliyobanwa.

Kwa tairi la pikapu kiasi hicho ni kidogo na hakina madhara makubwa. Kwa mtungi wa upepo ni jambo zito, kwa sababu maji hukaa chini na kuotesha kutu ndani, mahali pasipoonekana. Mtungi wowote wa gari la pwani unapaswa kuwa na vali ya kutolea maji upande wa chini kabisa. Mtungi wa alumini huvumilia unyevu kuliko wa chuma cha kawaida.

== Malori yenye breki za upepo ==

Lori lenye breki za upepo tayari lina kompresa kubwa. Kompresa ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 300, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, huvuta hadi lita 450 kwa dakika kwa hesabu ya nadharia, na kiasi halisi huwa pungufu. Bado ni mara kadhaa ya kompresa ya umeme. Katika malori mengi kuna tundu la kujazia matairi kwenye vali ya kudhibiti shinikizo au kwenye kikausha hewa. Mwenye lori la namna hiyo hahitaji kununua kompresa ya pili. Anahitaji mpira mrefu wa kufikia tairi la mwisho, kiungo kinachoingia kwenye tundu hilo, na geji.

Mpaka wake ni shinikizo la mfumo. Vali ya kudhibiti husimamisha ujazaji shinikizo linapofika kiwango kilichowekwa, kwa kawaida kati ya bari 7 na 12 kulingana na muundo wa lori. Tairi haliwezi kujazwa kupita kiwango hicho.

Malori madogo mengi, kama Mitsubishi Canter, hutumia breki za mafuta na hayana kompresa ya breki. Kwa hayo uchaguzi hufanana na wa pikapu, isipokuwa kwamba shinikizo la matairi ni kubwa zaidi na volti mara nyingi ni 24.

=== Kuchagua kompresa ya kubadilisha ===

Kompresa ya breki ikichakaa huonyesha dalili tatu: mitungi huchelewa kujaa, mafuta ya injini hutoka pamoja na maji kwenye vali za mitungi, na kompresa hufanya kazi karibu wakati wote bila kupumzika. Kabla ya kuibadilisha inafaa kuhakikisha kwamba tatizo si mpira unaovuja au vali mbovu.

Kompresa mpya au ya mtumba inapaswa kulingana na ya zamani katika ujazo wa silinda, idadi ya meno ya gia au kipimo cha puli, njia ya kupoza (maji au hewa), njia ya mafuta na ukubwa wa viungo vya mabomba. Yenye ujazo mdogo huweza kufungika vizuri na bado ikashindwa kulisha breki za tela kwenye mteremko. Kwa spea ya mtumba, shafti hujaribiwa kwa mkono kuona kama inacheza, na tundu la kutolea hewa huchunguzwa. Masizi mazito ya mafuta yaliyoungua humo ni dalili ya ringi za pistoni zilizokwisha.

Breki za kuegesha za malori hayo hushikwa na springi na kuachiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi hufunga magurudumu na lori husimama. Kabla ya kufikia hapo, taa au mlio humwonya dereva. Onyo hilo halipaswi kupuuzwa, na lori lisiondoke mpaka shinikizo lifike kiwango cha kazi. Mitungi isiyo na vali za kujitoa maji zenyewe humwagwa maji kila siku, na katika pwani hii kazi hiyo si ya kuahirisha.

== Mahali pa kufunga ==

Mahali pazuri pana sifa nne: pakavu, pa baridi kiasi, imara, na karibu na betri. Ni vigumu kupata zote kwa pamoja.

Chini ya boneti ni karibu na betri, lakini pana joto. Chini ya kiti au nyuma ya kiti cha pikapu ni pakavu na pana joto la wastani, ingawa kelele ni kubwa na waya ni mrefu. Kwenye sanduku la vifaa nyuma kuna nafasi, ila vumbi huingia. Chini ya gari karibu na tairi ni pabaya kuliko pote kwa gari la pwani, kwa sababu maji ya chumvi hurushwa hapo moja kwa moja.

Kompresa hufungwa kwa bano la chuma lenye mipira ya kupunguza mtikisiko. Mpira wa kwanza unaotoka kwenye silinda unapaswa kuwa wa aina inayovumilia joto. Mpira wa plastiki hulainika na kuchomoka.

== Vifaa vinavyoandamana nayo ==

* Geji ya upepo iliyo mbali na kompresa. Geji za kwenye kompresa ndogo mara nyingi hazisomi sawasawa. Utingo wengi hupiga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio. Njia hiyo hutambua tairi lililoisha upepo katika matairi pacha, lakini haiwezi kutofautisha psi 32 na 26.
* Mpira wenye urefu wa kufikia matairi yote manne bila kuhamisha kompresa.
* Chujio, fyuzi na mpira wa pistoni wa akiba.
* Vifaa vya kuziba pancha. Kompresa pekee haizibi tundu.
* Mtungi wa upepo, ikiwa unahitajika. Mtungi wa lita 10 wenye bari 8 unabeba lita 80 za hewa, zisizotosha hata tairi moja la mfano wa pikapu. Husaidia kufanya kazi ya ghafla, lakini hauifanyi kompresa dhaifu kuwa na nguvu, kwa sababu baada ya hapo lazima ujazwe tena.

== Kuchagua kulingana na matumizi ==

Gari linalokaa kwenye lami kati ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Msata linatosheka na pampu ya mguu au kompresa ndogo. Kazi yake ni kuongeza psi chache au kulifikisha gari kwa fundi.

Pikapu inayoingia mashambani au kwenda Saadani mara chache kwa mwaka inahitaji kompresa ya kubeba inayounganishwa na betri, yenye kutoa lita 35 hadi 70 kwa dakika kwa shinikizo la tairi. Faida ya kuibeba ni kwamba inaweza kuhifadhiwa nyumbani mbali na chumvi, na kutumika kwa magari zaidi ya moja.

Gari linaloingia mchangani kila wiki, kama la watalii au la shamba, linastahili kompresa ya kufungwa ya lita 70 au zaidi kwa dakika. Sababu yake ni ya kibinadamu: dereva anayejua kwamba kujaza kutachukua dakika 20 juani huelekea kuahirisha mpaka mjini, na hapo ndipo matairi hupasuka. Ikiwa kazi huchukua dakika 5, huifanya.

Lori lenye breki za upepo linahitaji mpira na kiungo tu, pamoja na matunzo ya kompresa iliyopo. Ikiwa lori litapunguza upepo ili kupita mchangani, kiwango kifuate maelekezo ya mtengenezaji wa tairi kwa uzito uliobebwa, kwani tairi la lori lenye mzigo haliwezi kushushwa kama la pikapu.

Magari yanayopanda milimani yanapaswa kuhesabu pia urefu wa nchi. Kompresa iliyotosha Bagamoyo, usawa wa bahari, hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya upepo wake ikifika Iringa, iliyo mita 1,600 hivi juu ya bahari, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi.

== Usalama ==

Tairi la lori linaweza kuua wakati wa kujazwa, hasa kwenye rimu ya vipande inayofungwa kwa ringi ya chuma. Anayejaza husimama mbele au nyuma ya tairi, kwenye mstari wa meno yake, na si ubavuni, akitumia mpira mrefu. Tairi lililotembea likiwa limeisha upepo halijazwi mpaka livuliwe na kukaguliwa ndani.

Upepo uliobanwa usielekezwe kwenye mwili wa mtu. Mtungi wowote uwe na vali ya usalama inayofunguka yenyewe, na mtungi wa gesi ya kupikia au wa kizimamoto usigeuzwe kuwa mtungi wa upepo.

== Historia ==

Msingi wa kazi ya kompresa ulielezwa na Robert Boyle mwaka 1662, alipoonyesha kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, shinikizo lake huwa mara mbili. Breki za upepo zilianza kwenye treni: George Westinghouse wa Marekani alibuni ya kwanza mwaka 1869. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888, na matairi ya namna hiyo yakaenea baadaye kwenye magari.

Wazo la kubadilisha upepo wa matairi safarini lilipata nguvu kwenye fukwe. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilitumia DUKW, gari lililoelea majini na kupanda nchi kavu, ambalo dereva wake aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa kwenye kiti chake. Baadaye mfumo kama huo ulitumika kwenye malori ya kijeshi ya Umoja wa Kisovyeti, kama ZIL-157.

== Tazama pia ==

* Tairi
* Breki
* Bagamoyo
* Hifadhi ya Taifa ya Saadani
* Mto Wami